SOMO LETU: VISA, KIBALI NA PESA ZA KIKUNDI



Somo la mara hii limetokana na swali tuliloulizwa na kikundi kimoja cha akina mama tulipokitembelea. Ni kikundi kizuri, wanafuga kuku, wana mzunguko wa kila mwezi na akiba yao hawaichezei. Mwanachama mmoja alikuwa ameomba mkopo wa shilingi 180,000 ili binti yake aende Uingereza kutunza wazee. Ajenti alikuwa amemwambia visa iko tayari, imebaki kulipiwa tu. Mweka hazina akatoa karatasi kwenye mkoba akatuuliza, "Wenzetu, hii ni ya kweli ama tunachezewa?"

Tuliitazama. Ilikuwa na mihuri miwili na nembo ya rangi. Haikuwa visa. Ilikuwa barua ya kuahidi kazi, imeandikwa Septemba 2025. Tutairudia barua hiyo mbele kidogo, kwa sababu tarehe yake ndiyo iliyotufungua macho.

Hatuandiki somo hili ili kuwazuia vijana wasisafiri. Watu wamesafiri tangu zamani. Hata Ruthu alitoka Moabu akaenda kuokota masazo katika shamba la watu asiowajua, na mambo yake yakawa mazuri. Tunaandika kwa sababu siku hizi pesa za safari hutoka kwenye sanduku la kikundi, na sanduku hilo ni la watu wengi. Mmoja wenu asome kwa sauti, polepole. Palipoandikwa TUJADILI, simameni kidogo mzungumze.

KARATASI TATU ZISIZOFANANA

Wengi wetu tukisikia "makaratasi yako tayari" tunafikiri ni kitu kimoja. Kuna pasipoti, kuna visa na kuna kibali.

Pasipoti hutolewa na serikali yako mwenyewe. Inasema wewe ni nani na ni raia wa wapi. Hapa Kenya inaombwa kupitia mtandao wa eCitizen, ada inalipwa huko huko, halafu mwombaji anakwenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ofisi ziko Nairobi, na pia katika miji kama Mombasa, Kisumu, Eldoret, Nakuru, Kisii na Embu. Beba kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa, vyote halisi, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mtu anayekupendekeza. Kama mtandao ni shida, Huduma Centre watakusaidia kujaza fomu. Hakuna mtu anayeweza kuchukuliwa alama za vidole kwa niaba yako, kwa hiyo ajenti anayesema "nitakuletea pasipoti, wewe kaa nyumbani" anasema uongo. Tena angalia tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi sita au zaidi kabla ya kuisha.

Visa hutolewa na serikali ya kule unakokwenda. Ni kama hodi iliyoitikiwa: unaruhusiwa kufika mlangoni. Lakini visa ina jina la shughuli. Kuna ya matembezi, ya masomo, ya kazi, na ya kumfuata mume, mke au mzazi. Anayeingia kwa visa ya matembezi kisha akafanya kazi amevunja sheria ya nchi hiyo, hata kama mwajiri wake ni mtu mwema na anamlipa vizuri.

Kibali ndicho kinachokuruhusu kukaa ndani ya nyumba. Kuna kibali cha ukaazi na kuna kibali cha kazi, na mahali pengine vyote viwili viko katika kadi moja. Mara nyingi kinapatikana baada ya kufika, na kina tarehe ya kwisha. Watu wengi wameingia nchi za watu wakiwa na visa safi kabisa, halafu kibali kikakosa kushughulikiwa, na baada ya miezi michache wakawa wanajificha.

TUJADILI: Katika familia zenu kuna mtu aliye nje? Mnajua aliingia kwa visa ya aina gani? Kama hamjui, mbona hatukuuliza?

TUANZE NA JIRANI

Tunashangaa kidogo jinsi vijana wanavyoiwaza Canada kabla ya kuiwaza Kampala. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha kitaifa. Kwenda Tanzania unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, ambayo hutolewa na idara ya uhamiaji. Visa haihitajiki.

Kuingia bila visa si sawa na kuruhusiwa kufanya kazi. Itifaki inasema mtu aliyepata mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi katika siku 15 za kazi tangu mkataba kufungwa. Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada ya kibali hicho. Ada imeondolewa, kibali hakijaondolewa! Bado lazima kiombwe.

Tanzania ina utaratibu wake. Huko mgeni mwajiriwa anahitaji karatasi mbili: kibali cha kazi kutoka kwa watu wa kazi, na kibali cha ukaazi kutoka uhamiaji. Vibali vya ukaazi vina madaraja. Daraja A ni la wenye biashara na wawekezaji, B ni la walioajiriwa, na C ni la wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Tunataja la C makusudi, kwa sababu kuna vijana wa kwaya na wainjilisti ambao hukaa ng'ambo ya Namanga au Taveta kwa miezi wakidhani kazi ya Mungu haihitaji kibali. Inahitaji.

Na wale wanaovuka kununua mahindi na vitunguu mashambani, sikieni: mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia wasifanye biashara 15, zikiwemo kununua mazao shambani, saluni, kutengeneza simu na huduma ya kutuma pesa kwa simu. Kabla ya kikundi kutoa mtaji wa biashara ya mpakani, ulizeni kwanza hali ilivyo siku hiyo, na muulize ofisini, si stendi ya magari.

KAZI ZA NYUMBANI UARABUNI

Hapa ndipo penye watu wetu wengi na machozi mengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Saudi Arabia na majirani zake hutumia utaratibu wa kafala. Maana yake ni kwamba mfanyakazi anaingia kwa jina la mwajiri fulani, anayeitwa kafili, na kibali chake cha ukaazi, wanachokiita ikama, kimefungwa kwa huyo kafili. Ukimwacha mwajiri, kibali nacho kinayumba. Mwajiri anaweza kuripoti kwamba umetoroka, na kuanzia hapo polisi wakikukuta wewe ndiwe mkosaji, hata kama ulikimbia kipigo. Ndiyo sababu tunasema kafala si neno la Kiarabu tu la kupita. Ni jambo la kuelewa kabla ya kupanda ndege.

Nchi hizo zimebadilisha sheria kiasi, na si zote sawa. Qatar mwaka 2020 iliwaruhusu wafanyakazi, hata wa nyumbani, kuondoka nchini bila ruhusa ya mwajiri, na pia kubadilisha kazi bila barua yake. Saudi Arabia ilianza mabadiliko yake Machi 2021, lakini mabadiliko yale hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa nyumbani na watunza bustani. Soma sentensi hiyo mara ya pili. Ajenti akikwambia "siku hizi Saudia unaweza kuhama mwajiri unavyotaka", muulize, ni kwa kazi gani?

Kwa upande mwingine, tangu Oktoba 2024 Saudi Arabia ina kanuni mpya za kazi za nyumbani. Saa za kazi zisizidi 10 kwa siku. Kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti ya mfanyakazi, wala kumtoza gharama za kumleta au za ikama. Je, kila nyumba inafuata? La, sisi tumewasikia waliorudi. Lakini binti anayejua haki yake ana la kusema akifika ubalozini, na asiyejua hunyamaza akidhani ndivyo ilivyo.

Sheria yetu pia ina meno. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje uwe wa maandishi, utiwe sahihi, na uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo anatakiwa ahakikishe mfanyakazi ameuelewa mkataba na amekubali bila kudanganywa wala kulazimishwa. Kwa hiyo mkataba wa Kiarabu peke yake, unaotiwa sahihi usiku uwanja wa ndege huku watu wamepanga foleni, si mkataba. Dai ule unaousoma, uusome nyumbani, mbele ya baba na mama au dada mkubwa aliyesoma. Jina la mwajiri limo? Mji umo? Mshahara ni riyal ngapi, na ni kazi ile ile iliyoandikwa kwenye visa?

Ajenti naye lazima awe ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, ambayo watu huiita NEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Orodha ya mawakala walioandikishwa iko wazi kwenye mtandao wa mamlaka hiyo. Kijana mwenye simu katika kikundi anaweza kuitafuta papo hapo mkutanoni. Tazameni jina kamili, herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda majina yanayofanana na ya makampuni mazuri. Mwaka 2014 serikali yetu ilifuta leseni za mawakala wote wa kupeleka watu Uarabuni kwa sababu ya malalamiko, na usajili ukaanza upya baadaye. Leseni ya zamani iliyotiwa kioo ukutani haikuhakikishii kitu.

Anayekwenda kazi za nyumbani pia hupitia mafunzo kabla ya safari, kipimo cha hospitali, na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi wa upelelezi, ambacho huombwa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050. Mafunzo yale msiyaone kama ya kupoteza wakati. Wengine huyalipia ili wapewe cheti bila kukaa darasani, halafu wanafika nyumba ya watu hawajawahi kuona mashine ya kufua.

TUJADILI: Binti akifika huko na simu yake ichukuliwe, ni nani hapa nyumbani ana nakala ya pasipoti yake, ya mkataba, na jina la ajenti? Kikundi kinaweza kuzihifadhi?

ILE BARUA YA UINGEREZA

Turudi kwa mama yetu. Uingereza iliwafungulia watunza wazee wa kutoka nje mlango wa visa Februari 2022, na Wakenya wengi waliingia kwa njia hiyo. Machi 2024 wakazuiwa kwenda na wake, waume au watoto. Kisha tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo. Barua iliandikwa Septemba 2025. Kazi inayotajwa ndani yake haikuwa na visa tena kwa mtu aliyeko kijijini kwetu. Kwani mihuri ingesaidia nini?

Hata wakati mlango ulipokuwa wazi, kitu cha kwanza kuulizia hakikuwa barua. Mwajiri wa Uingereza lazima awe na leseni ya kudhamini wageni, na orodha ya wenye leseni imetangazwa kwenye mtandao wa serikali ya huko, yeyote anaweza kuisoma. Mwajiri hutoa cheti cha udhamini chenye nambari yake, na gharama ya cheti hicho ni juu yake, haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi. Anayekuuzia cheti cha udhamini anakuuzia kitu kisichouzwa.

Wauguzi wenye digrii au diploma bado wana njia, kwa kuandikishwa na baraza la wauguzi la Uingereza, kufanya mitihani yake na mtihani wa Kiingereza. Kenya na Uingereza ziliwekeana sahihi mapatano juu ya wahudumu wa afya mwaka 2021. Njia hiyo ni ndefu, lakini ni barabara ya lami.

Mama yule alikuwa ameshatoa shilingi 40,000 za kwanza, pesa za kuuza ng'ombe. Hazijarudi hadi tunapoandika. Wanachama wengine walianza kumlaumu palepale mkutanoni, na ilibidi tuwaombe wanyamaze. Kumbukeni wengi wao siku ile ya kwanza walikuwa wameinua mikono kuupitisha mkopo.

UJERUMANI KWA UFUPI

Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya uhamiaji na ajira tarehe 13 Septemba 2024 huko Berlin. Mara zikavuma habari kwamba kuna nafasi 250,000 za Wakenya. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha. Mapatano hayana idadi yoyote. Yamerahisisha njia, hayakugawa kazi.

Njia tunayoona inawafaa vijana wetu waliomaliza kidato cha nne vizuri ni ile ya mafunzo ya ufundi yenye malipo, inayoitwa Ausbildung. Kijana anafundishwa uuguzi, umeme, hoteli au uokaji mikate, huku akilipwa posho kila mwezi. Mafunzo huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu. Anahitaji mkataba na mwajiri kabla ya kuomba visa, na anahitaji Kijerumani, kwa kawaida kufikia kiwango cha B1. Hapo ndipo kazi ilipo, maana B1 si mambo ya wiki sita. Ni miezi mingi ya kukaa na daftari. Kuna pia kadi ya kutafuta kazi iliyoanza Juni 2024, wanaiita Chancenkarte, lakini inadai angalau ufundi uliosomewa miaka miwili, lugha, na pesa za kujitunza zilizoonyeshwa benki. Si ya mtu anayeanza na mikono mitupu.

Tofauti moja tumeiona: pesa za kusomea lugha, hata visa ikikataliwa, hazipotei zote. Lugha imebaki kichwani.

VISA YA MATEMBEZI ISIYO MATEMBEZI

Tangu 2022 vijana wa Kenya wamekuwa wakiahidiwa kazi za ofisi huko Thailand, halafu wanavushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya utapeli wa mitandaoni, wakilazimishwa kuwalaghai watu wengine. Mwaka 2025 kukawa na wale walioahidiwa kazi Urusi na wakajikuta vitani. Hawa wote walikuwa na pasipoti halali, na wengi walikuwa na visa halali. Visa haikusema uongo, ilisema matembezi. Aliyesema kazi ni ajenti. Basi mtu akiwaambia "aingie kwanza na ya matembezi, tutaibadilisha akishafika", jibu lenu liwe fupi.

MKOPO WA SAFARI

Vikundi vimetuuliza, basi tukatae mikopo ya safari? Hatusemi hivyo. Katika Luka 14 yuko mtu anayetaka kujenga mnara, na kabla ya jiwe la kwanza anakaa chini kuhesabu. Maoni yetu ni kwamba mkopo wa safari usitolewe wote mara moja. Toeni ya pasipoti, muone pasipoti. Toeni ya cheti cha tabia njema na ya mafunzo, muone vyeti. Ada za serikali zilipwe moja kwa moja kwa serikali, na risiti iletwe mkutanoni. Ajenti asipewe pesa mkononi wala kwenye simu ya mtu binafsi. Kampuni iliyoandikishwa ina akaunti na inatoa risiti yenye jina lake. Na mwanachama anayeomba aje na mwenyewe anayesafiri. Tumeshangaa mara ngapi mkopo unapitishwa na yule kijana hajaonekana hata siku moja!

Ikiwa mtu ameshatapeliwa, aende polisi apewe nambari ya OB, na apeleke habari kwa ofisi ya kazi ya kaunti. Abebe ujumbe wa simu na za kutuma pesa, asifute chochote. Aliye nje na yuko taabuni, familia iarifu wizara ya mambo ya nje upande wa Wakenya walio ng'ambo, na kuwapa jina, nambari ya pasipoti na mji aliko. Ndiyo maana tulisema nakala zihifadhiwe.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Someni tena mkopo wa mwisho wa safari mliotoa. Ulikuwa wa visa gani, na mliona karatasi ipi kwa macho yenu?

2. Ni nani kati yenu atakayepewa kazi ya kutazama orodha ya mawakala kila mkopo unapoombwa? Mwandikeni jina kwenye kitabu cha kumbukumbu leo.

3. Mwanachama akipoteza pesa za kikundi kwa ajenti mwongo, atazirudishaje, na wenzake watamsaidiaje? Mama tuliyemtaja bado anadaiwa shilingi 40,000 na jirani aliyemkopesha akisubiri kununua ng'ombe mwingine, na anahudhuria kila mkutano.